Manifoldi ya Gari la Mkate

Kiguu alipata jina lake kwa mama yake mzazi, tangu alipoanza kutambaa, kwa kuwa hakuwa mtoto wa kuwekwa mahali akawekeka. Alipokuwa mtu mzima, fundi magari mwenye gereji yake na ndevu zake, jina lilizidi kumkaa. Chakula alikula amesimama. Simu aliongea akizunguka. Hata kinyozi alimnyoa kwa kumfuatafuata. Wenye ulimi walisema huyu siku yake ikifika itabidi afungwe kamba, la sivyo atawatoroka waombolezaji njiani.

Mtu wa namna hiyo, ukitaka kumtesa, mpe gari linalopiga kelele.

Pikapu yake ilikuwa imepasuka manifoldi, lile dude zito la chuma lenye vidole vinne linalobanwa ubavuni mwa injini ili lipokee moshi wa silinda na kuupeleka kwenye bomba la ekzosi. Ufa wenyewe haukuwa mkubwa, lakini kila alipokanyaga mafuta pikapu ilifokafoka kama mtu mwenye kifua kibovu anayepanda ngazi. Alijaribu kuuchomelea, ukafunguka upya. Alijaribu gundi ya chuma, ikadondoka vipande vipande barabarani. Alizunguka kwa wauza vyuma chakavu wote wa mji, akapekua marundo hadi mikono ikawa myeusi tititi, akarudi mikono mitupu. Na wateja nao ni binadamu. Nani atampelekea gari lake fundi ambaye la kwake linakohoa? Jirani yake wa gereji, fundi rangi, bwana mmoja asiyejua kunyamaza, alikuwa akisikia pikapu inakuja anaweka chini bomba lake la kupulizia na kupaza sauti: "Jamani, mpisheni mgonjwa apite!"

Kiguu alicheka na wenzake, lakini moyoni lilimkera vibaya. Na lililomkera zaidi ni kwamba manifoldi nzima, isiyo na hata mkwaruzo, alijua ilipo.

Kaka yake marehemu aliacha gari. Lilikuwa gari la kusambazia mikate, lenye pua bapa, ambalo dereva na abiria wake wanakaa juu ya injini kabisa. Injini ile na ya pikapu zilikuwa ndugu wa tumbo moja: kiwanda kimoja, kichwa kilekile, silinda zilezile, isipokuwa ya pikapu ilisimama wima mbele chini ya boneti, na ya gari la mkate ililazwa kidogo na kufichwa chini ya viti. Kaka alikufa ghafla. Alianguka bafuni asubuhi akijiandaa kwenda kwenye mikate yake, na tangu siku hiyo gari halikutoka tena katika banda la mabati lililoshikana na nyumba.

Shemeji yake, mke wa marehemu, fundi cherehani, alisema neno lake mbele ya ukoo mzima. "Gari hili asiliguse mtu. Hata skrubu moja. Anayetaka kuligusa anizike mimi kwanza."

Wote waliitikia, na Kiguu aliitikia kwa sauti kuliko wote. Tena akaongeza ushauri wa kifundi: gari likikaa bila kuwashwa betri hufa, kwa hiyo shemeji awe analiwasha kila siku, hata kidogo.

Shemeji aliushika ushauri huo kuliko alivyotarajia yeyote. Kila alasiri alifunika cherehani, akaenda bandani, akazuia lango kwa tofali libaki wazi moshi utoke, akapanda na kuwasha gari, kisha akahamia kiti cha abiria, mahali pake pa siku zote alipokuwa akimsindikiza mumewe kupeleka mikate. Alifunga milango kwa ndani na kupandisha vioo, vumbi na maneno ya majirani yabaki nje. Humo alikaa akisikiliza injini. Akishatosheka alizima, akafuta dashibodi kwa kitambaa, akarudi kwenye nguo za watu.

Siku Kiguu alipofanya alichofanya, shemeji alikuwa amekwenda kupeleka sare za wanafunzi, akamwachia yeye funguo za geti aje kurekebisha bomba la maji lililokuwa likivuja uani. Bomba alilirekebisha, hilo tusimdhulumu. Kisha akasimama katikati ya ua, spana mkononi, analitazama banda, anatazama geti, anatazama banda tena.

Alijiambia mengi. Kwamba gari lenyewe halitembei. Kwamba manifoldi nzima imelala bure huku mbovu yake inamvunjia heshima mjini. Kwamba injini ni ileile, atatoa hii aweke ile, na shemeji hatapungukiwa na kitu. Kwamba kaka mwenyewe angekuwa hai angesema chukua. Hilo la mwisho lilikuwa kweli, na ndilo lililomponza.

Alikunja kiti cha abiria, akafungua kifuniko cha bati kilicho chini yake, injini ikajitokeza. Nati zilikuwa zimeota kutu. Alizinyunyizia mafuta, nyingine akazibembeleza, nyingine akazitukana. Manifoldi ya kaka ikatoka salama. Akaipeleka kwenye pikapu iliyokuwa getini, akavuta bomba la ekzosi kidogo, ikakaa utadhani imezaliwa humo. Kazi ikawa kuifunga ile yenye ufa kwenye gari la mkate. Matundu ya ubavuni yalikubali yote, lakini kwa kuwa injini ile imelala, mdomo wa chini wa manifoldi haukutazamana na bomba lake. Ulipishana kwa upana wa kidole, na bomba lenyewe lilikuwa fupi na gumu. Fundi mwenye subira angelikata akalichomelea upya. Kiguu na subira wapi na wapi? Aliingiza nondo, akaiegemea kwa uzito wa mwili wote, mdomo na bomba vikakutana kwa shingo upande, akakaza boliti. Alipokuwa anakaza alisikia chuma kikilia tik, kidogo tu. Alijua ufa umesogea. Akajitia hamnazo, akapaka gundi ya chuma kwa wingi, akarudisha kifuniko ambacho mpira wake wa kuzibia ulishaoza zamani, akarudisha kiti, akafuta alama za vidole.

Kila kitu alikipima siku ile, nati, gasketi, hata pembe ya bomba. Jambo moja tu hakulipima. Kwenye pikapu ufa ulikuwa mbele, nje, na moshi wake ulichukuliwa na upepo ukaenda zake. Ufa ulikuwa kelele, na Kiguu alikuwa ameuzoea kuwa kelele. Hakujiuliza kwenye gari la mkate moshi ule utapitia wapi.

Pikapu ikanyamaza. Alipoingia nayo gereji kesho yake, fundi rangi alitoka mbio kwa mazoea, akafumbua mdomo kutangaza mgonjwa, akabaki mdomo wazi.

"Amepona?"

"Amepona."

"Kwa dawa gani?"

"Mitishamba," Kiguu alisema, watu wakaangua kicheko.

Furaha hiyo haikumaliza hata wiki. Wateja walianza kurudi, magari yakapanga foleni, lakini Kiguu alikuwa hashikiki. Alianza kazi hii akaiacha, akashika ile. Aliacha spana ndani ya injini za watu. Kila alasiri, ule wakati wa shemeji kupanda gari, alijikuta amesimama mlangoni mwa gereji, shingo ameielekeza upande wa nyumba ya kaka, kana kwamba angeweza kusikia kutoka mbali vile. Alichokiogopa ni sikio la shemeji. Mwanamke aliyesikiliza injini moja kila siku atakosaje kujua kwamba imebadilika sauti? Akijua, atamwita. Akimwita, atamtazama. Na Kiguu hakuwa na ndugu mwingine wa karibu duniani. Mlango ule ukifungwa, hana pengine pa kwenda kuitwa mtoto wa nyumbani. Kwa hiyo hakwenda kabisa. Shemeji alipompigia simu alisema ana kazi nyingi. Mara ya pili alisema ana mafua.

Hatimaye wasiwasi ukamchosha kuliko aibu yenyewe. Asubuhi moja alipiga moyo konde, akaenda.

Alimkuta shemeji barazani, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni, anaimba. Kiguu alishtuka. Tangu msiba hakuwahi kumsikia akiimba. Uso ulikuwa umemsawajika kidogo, macho mekundu, lakini aling'aa kama msichana aliyepokea posa.

"Karibu, shem! Mafua yamekuachia? Kaa basi."

"Nimekaa," Kiguu alisema, akiwa amesimama.

"Kaa, nina neno la kukwambia. Sijamwambia mtu. Yule mama mkaa nikimwambia, jioni mji mzima unalo." Mama mkaa alikuwa jirani, mwenye kibanda cha kuuzia mkaa ng'ambo ya barabara, mwenye masikio marefu kuliko barabara yenyewe. Shemeji akainama, akashusha sauti. "Kaka yako anakuja."

Kiguu akakaa kweli.

"Anakuja wapi?"

"Kwenye gari. Usinitazame hivyo, sijachanganyikiwa. Zamani injini ilikuwa inanguruma tu, basi. Siku hizi ina pumzi. Fyuu, fyuu, pale chini yangu. Kama alivyokuwa akipumua amelala ubavu. Na ile harufu yake ya kazini, unaikumbuka? Alikuwa akirudi ananuka mkate na moshi. Mkate sijausikia, lakini moshi upo, unakuja polepole mpaka unajaa. Kisha napata usingizi, shem, usingizi mtamu sijapata kuuona. Mwili unalegea wote. Naegemeza kichwa, na nakwambia kweli, naegemea bega la mtu."

Kiguu hakujua aangalie wapi. Akaangalia cherehani.

"Nikitoka kichwa kinaniuma, natapika hata," shemeji aliendelea, tena kwa furaha. "Sishangai. Kuachana naye kila siku si kazi ndogo. Ila nimegundua siri yake. Nikikaa kidogo anapumua tu. Jana nilikaa zaidi, nikamsikia anataka kusema. Leo sina nguo ya mtu. Leo nakaa mpaka aseme."

Na hapa, msomaji, ndipo ningependa kumshika Kiguu mashati na kumtikisa. Fundi mzima! Amesikia pumzi, amesikia moshi, amesikia kichwa kuuma na kutapika, kila kitu ameandaliwa mezani, na yeye anawaza nini? Anawaza kwamba amesalimika. Sikio la shemeji limeusikia ufa na kuudhania mume. Alishikwa na haya, ndiyo, alipoona furaha ile imejengwa juu ya wizi wake. Lakini chini ya haya kulikuwa na ahueni, na ahueni humfanya mtu mjinga. Akasema, "Haya, shem, msalimie," akaondoka haraka kabla hajaulizwa neno.

Mchana wote alizunguka gereji kama kuku anayetafuta mahali pa kutagia. Kitu kilikuwa kinamwasha ndani na hakujua ni nini. Alidhani ni dhamiri. Alijiahidi kwamba wiki ijayo, shemeji akitoka tena, atarudisha manifoldi mahali pake, na hapo akatulia kidogo, kisha akakumbuka kwamba akirudisha, pumzi itakoma, na shemeji atafiwa mara ya pili. Akaanza kuzunguka upya.

Alasiri aliletewa teksi yenye ekzosi iliyokatika. Aliipandisha juu ya mawe, akafungua bomba lote kuanzia kwenye injini, akalipeleka nyuma kulichomelea. Dereva wa teksi, bwana mnene mpenda starehe, alichoshwa na joto. Akaona asijipe taabu. Akaingia ndani ya gari lake, akapandisha vioo, akawasha injini ili apate kiyoyozi.

Kiguu aliporudi na bomba begani alimwona amelaza kichwa, mdomo wazi. Alitupa bomba chini, akafungua mlango kwa nguvu.

"Shuka! Shuka, mwehu wewe! Ekzosi iko chini, moshi wote unakuingilia humo! Unataka kulala moja kwa moja?"

Dereva alitoka akipepesuka, amejishika kipaji cha uso, anacheka kilevi. "Ah, fundi nawe. Nimepitiwa tu. Usingizi mtamu, sijapata kuuona."

Fundi rangi alikuwa anakuja na utani wake mdomoni. Alipoona uso wa Kiguu, utani ulimkauka. Kiguu alikuwa amesimama na mkono hewani, kama mtu aliyeitwa jina lake na sauti asiyoijua. Maneno yalikuwa yaleyale. Usingizi mtamu. Pumzi chini ya kiti. Harufu ya moshi inayokuja polepole mpaka inajaa. Vioo vimepandishwa, banda la mabati, na leo nakaa mpaka aseme.

"Namuua," Kiguu alisema.

"Unamuua nani?"

Kiguu alishakuwa kwenye pikapu.

Alipiga simu huku akiendesha. Ikaita, ikaita, ikakatika. Alijua ilipokuwa inaita: juu ya meza ya kukatia, chini ya vitambaa, ndani ya nyumba isiyo na mtu. Akapiga tena. Namba ya mama mkaa hakuwa nayo. Kila siku alikuwa akimkwepa mama huyo wasije wakapeana namba. Akapiga tena na tena.

Pikapu ilikwenda vizuri. Hilo ndilo lililomtia wazimu. Ilipanda kilima bila kelele, laini kabisa, ikitoa pumzi kwa manifoldi ya marehemu, na Kiguu alitamani ifoke, ikohoe, ipige kelele za kuwatoa watu barabarani. Hapana. Watu hawakumsikia anakuja. Alipiga honi mfululizo. Kwenye makutano aliwakuta wachimba barabara wamefunga upande mmoja, na mtu wa bendera nyekundu amesimama kwa maringo kama bwana harusi.

"Nipishe, ndugu yangu!"

"Kila mtu ana haraka zake."

"Kuna mtu anakufa!"

Mwenye bendera alimtazama, akatazama mikono yake iliyojaa masizi, hakuamini. Kiguu hakungoja aaminiwe. Aliacha pikapu palepale, mlango wazi, injini ikinguruma taratibu, akashuka akakimbia. Viatu vya gereji si vya mbio. Kimoja kilimvuka kwenye kona ya shule, cha pili alikivua mwenyewe. Alikuwa anaomba na kutukana kwa pumzi moja, anamwomba Mungu, anamtukana Kiguu. Njiani alijiona anafika anakuta watu wengi uani. Akajiona anachukua manifoldi yenye ufa kwa siri, anaitupa mtoni, na hakuna atakayejua kamwe. Wazo hilo lilimtisha kuliko jingine lolote, kwa kuwa lilikuja lenyewe bila kuitwa.

Uani hakukuwa na mtu. Injini ilikuwa inasikika: fyuu, fyuu. Banda lilijaa ukungu wa buluu hata macho yakawasha. Shemeji alikuwa kwenye kiti cha abiria, kichwa ameegemeza upande wa dereva, mashavu mekundu kama aliyepakwa rangi, anatabasamu. Milango imefungwa kwa ndani. Kiguu aligonga kioo, akaita, akapiga mateke. Akaokota tofali lililozuia lango la banda lisijifunge, akavunja kioo cha dereva, akaingiza mkono, akazima injini kwanza, kisha akafungua mlango na kumvuta shemeji kwa kwapa mpaka katikati ya ua, kwenye hewa.

Alimlaza. Alimpepea kwa shati lake. Alimwita kwa majina yote aliyowahi kumwita, shemeji, dada, mama, hata kwa jina la kaka yake alimwita. Muda ulipita, na hakuna anayejua ulikuwa kiasi gani, kabla shemeji hajakohoa, akageuka upande, akatapika. Kiguu aliinua uso juu akashukuru kwa sauti kama mwendawazimu.

Shemeji alifumbua macho, akayazungusha, akaliona banda, akamwona yeye.

"Mbona umenitoa?" alisema, ulimi mzito. "Alikuwa karibu kusema."

"Twende hospitali, shem."

"Ya nini? Siumwi." Alijaribu kuketi, akashika kichwa. "Umenivunjia kioo. Kioo cha mume wangu."

"Twende kwanza, tutaongea huko."

"Siendi popote. Narudi kwenye gari."

Kiguu aliinuka, akachutama, akainuka tena. Njia ilikuwa wazi mbele yake, nyepesi na tamu. Angeweza kusema gari limeharibika lenyewe. Vyuma hupasuka, nani atamuuliza fundi? Angerudisha manifoldi kesho akaitwa mwokozi, na shemeji angebaki na imani yake kwamba mumewe alikuja akaishia njiani. Hata wema ungeonekana humo. Lakini alimwona shemeji anatambaa kwa magoti kuelekea bandani, mkono mmoja kichwani, na akajua kwamba mwanamke huyu uongo haumzuii. Utamfanya asubiri tu. Gari likipona atapanda tena, atafunga vioo tena, na pumzi isipokuja atakwenda kuitafuta kwingine.

Akamzunguka, akakaa chini mbele yake, kwenye vumbi, akamshika mikono yote miwili.

"Shem, nisikilize. Si kaka."

"Wewe hukuwemo."

"Si kaka. Ni mimi. Siku ile ya bomba la maji nilifungua gari. Nimeiba manifoldi yake nikafunga kwenye pikapu, ya kwangu yenye ufa nikaiweka humo. Uliniamini, nikakuibia."

Shemeji alimtazama kama anayesikiliza lugha ya watu wa mbali.

"Na ile pumzi?"

"Ufa."

"Harufu yake?"

"Moshi wa ekzosi. Unatoka chini ya kiti chako, hauna pa kwenda."

"Na usingizi?"

"Sumu, shem. Ulikuwa unakufa kidogo kidogo. Leo ungemaliza."

Alingoja kofi. Alingoja kufukuzwa, na alikwishajipanga kuondoka bila viatu vyake. Shemeji hakumpiga wala hakumtukana. Alikuwa ameinamisha uso, midomo ikienda taratibu, anarudia kimoyomoyo alichoambiwa, ufa, moshi, sumu, neno moja moja, kama anayehesabu vifungo vilivyobaki kwenye nguo. Kisha akainua macho akalitazama gari, pua yake bapa, kioo chake kilichovunjika, kiti cha dereva kitupu. Alilitazama kwa muda mrefu, na Kiguu aliona mahali hasa tumaini lilipomtoka usoni.

"Hakuwemo," shemeji alisema.

"Hakuwemo, shem."

"Hata siku moja?"

Kiguu alitikisa kichwa.

Hapo ndipo shemeji alipopiga ukelele. Kilikuwa kilio ambacho hata siku ya mazishi hakukitoa, kilianzia tumboni, kikamkunja, kikamwangusha kifudifudi juu ya magoti ya Kiguu, na kikavuka ukuta, kikavuka barabara. Kiguu alimshikilia. Alitaka kusema nisamehe, akaona neno lenyewe dogo, akalimeza.

Geti lilipigwa kikumbo. Mama mkaa aliingia mbio, mikono myeusi, kitambaa kimemvuka kichwani, na nyuma yake wanawake wengine wawili watatu waliosikia kilio wakaacha walichokuwa wakifanya. Alisimama akawaona wawili wale chini, vioo vimetapakaa, akajishika kifua.

"Jamani! Kuna nini? Nani amekufa?"

Shemeji aliinua uso uliolowa machozi na vumbi.

"Mume wangu," alisema.